Kwa Mama, Kuhusu Picha Uliyopigwa Ikombe

Mama,

Yule Mzungu, Bwana wa picha, ameondoka. Amepanda meli na masanduku yake yote. Alinikuta ufukweni Matema akaninyooshea mkono mbele ya watu wa misheni, kana kwamba kati yetu hakujapita kitu, nami nikaupokea. Niliporudi nyumbani niliuosha wangu kwa majivu mpaka ukawasha.

Habari ya siku ile alipokuja Ikombe ulinieleza mara moja tu, ukikanda udongo, bila kuniangalia. Wewe hukujua kwamba nilikuwa nimeshakuona.

Unakumbuka kazi yangu kwake ilikuwa kubeba kamera na kuosha vioo. Picha zake zilikaa kwenye vioo, na kioo kisipooshwa kwa dawa ndani ya hema la giza hakionyeshi kitu. Siku ile aliniacha Matema nitayarishe dawa, yeye akaja huko kwa mtumbwi na askari mmoja. Jioni akanikabidhi vioo. Nikatumbukiza cha kwanza, nikakitikisa taratibu, na mtu akaanza kujitokeza. Kwenye kioo, kilicho cheusi huwa cheupe, kwa hiyo uso sikuutambua. Nilitambua lile kovu lako la moto begani, nililokuwa nikilishika ulipokuwa ukinibeba. Na kifuani hukuwa na nguo. Nilitoka hemani nikatapika mchangani.

Mengine ulinieleza wewe. Jumbe alikwambia uketi. Bwana akakuamuru uvue kaniki. Ukasema, "Nimebatizwa, sivui." Askari akaivuta mwenyewe. Wakasimamisha kando yako fimbo ya kupimia, yenye vipande vyeusi na vyeupe. Ukauliza, "Ananipima ili aninunue?" Hakuna aliyekufasiria. Akakushika kidevu, akakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua papai sokoni Lyulilo, kisha akatoa kitambaa mfukoni akafuta vidole. Ulipofika hapo ulirudia maneno mara mbili. "Mikono yangu ilikuwa na udongo," ulisema, "lakini kidevu changu kilikuwa safi."

Na chungu alichokupakatisha hakikuwa chako. Alikuja nacho mtumbwini, chungu chenye mdomo uliopinda. Kana kwamba wewe ungefinyanga kitu kama kile ukakionyesha watu.

Ukafariki masika ile kwa kichomi. Baadaye zikaja kadi za picha kutoka Ulaya. Niliingia chumba cha kulia cha boma na maji ya Wazungu kunawa, nikakukuta mezani, kati ya soseji na chupa za bia. Chini yako wameandika kwa Kijerumani: mwanamke wa ziwani na chungu chake. Jina hamna. Mmoja akasema neno juu ya kifua chako, wakacheka, akampitishia mwenzake kadi kwa vidole vinavyong'aa mafuta. Bwana naye akacheka kidogo, akainamisha kichwa, kama mpishi anayesifiwa mchuzi wake.

Kesho yake nilikitoa kile kioo sandukuni nikakikwangua kwa kisu. Picha ilibanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Alipogundua aliamuru nichapwe viboko mbele ya boma, nikafukuzwa. Sijutii. Najuta kwamba kadi siwezi kuzifuata zilikokwenda.

Mchungaji mzee aliyetubatiza alinipa kamera yake kuukuu, nimpigie picha za kengele na madawati na kuta za kanisa zinavyopanda. Watu siwapigi. Chifu mmoja aliniita nimpige, nikamwambia dawa zimekwisha. Mchungaji akaniuliza sababu. Nikamwambia chungu hakivuliwi nguo, na wakikicheka huko Ulaya hakina mwana atakayetapika. Hakuniuliza tena.

Vyungu vyako vilivyobaki nimevipiga karibu vyote, nyumba kwa nyumba. Nakiweka kimoja dirishani asubuhi, nasubiri mwanga uzunguke shingo yake. Hapo moyo wangu unatulia. Lakini mtu akikaa mbele ya kamera, akanyoosha shingo na kunitazama akingoja nimwambie afanye nini, namwona Bwana akitoa kitambaa.

Jumapili iliyopita alikuja binti yako Tupokigwe na mtumbwi wa wauza vyungu, amevaa kaniki mpya, amembeba mwanawe uliyemwacha tumboni mwake. Ni msichana. Tumempa jina lako. Akasema, "Kaka, nipige picha. Huyu hatamwona bibi yake, na watu wanasema nimechukua sura yake."

Nikakataa. Nikamwambia nitampa picha ya ule mtungi wako mkubwa wa maji, ndiyo kumbukumbu nzuri.

Mama, unamjua binti yako alivyo mpole. Alinitazama mpaka nikashusha macho. "Ulipokwangua kile kioo nilikubariki," alisema. "Lakini Mama hakuwa chungu. Yule Mzungu alimfanya kitu. Na wewe unataka mwanangu amjue hivyo hivyo?" Akamfunga mtoto mgongoni, akashuka mtumbwini bila kuniaga.

Kile kitambaa hakijanitoka machoni, nadhani nitazeeka nacho. Lakini mtoto anakua, na mimi sitaki afikirie kwamba kwao kulikuwa na mitungi tu.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Wiki hii nitavuka kwenda Ikombe na kamera. Nitamwomba Tupokigwe radhi kwanza. Atachagua mwenyewe pa kukaa na nguo ya kuvaa, na mtoto ampakate anavyopenda. Akitaka kucheka acheke, hata picha ikiharibika tutaanza upya.

Ndaga fijo, Mama, asante sana kwa kunizaa na kunilea. Pumzika huko uliko, hakuna wa kukusumbua tena.

Mwanao,
Ambakisye