Eda Iliyonipita

Jumatatu, 5 Mei
Unga nimeukanda kabla ya jua. Mandazi yameisha mapema. Namshukuru Mungu kwa hilo, sina jingine la kumshukuru.
Mama mkwe hakunisaidia. Bi Zainabu ana kazi yake: kwenda stendi hapa Palma kuuliza kila chapa, basi dogo la abiria, inayoingia kutoka kusini kama kuna abiria aliyemwona Saide. Saide ni mwanawe. Ni mume wangu pia, au alikuwa. Miaka inapita, sijui niseme lipi. Amerudi na vumbi hadi magotini. "Mwanangu yuko njiani," amesema. Nimempa maji ya kunawa. Nimenyamaza. Nimechoka kunyamaza.

Jumatano, 7 Mei
Abudo ameoa. Yule fundi wa pikipiki. Mwaka jana alimtuma dada yake kwangu. Nilimjibu siwezi, mimi ni mke wa mtu. Akasema atangoja. Kumbe kungoja kwake mwisho ni Idi. Nilikuwa kisimani nikasikia vigelegele kwao. Simlaumu.
Hapana. Namlaumu.
Kila sala naomba jambo lile lile: Yarabi, nifungulie. Mke si mimi, mjane si mimi. Hata msiro, ule urembo mweupe wa mti, sipaki usoni, maana mama mkwe ataniuliza nampakia nani. Wanawake wa kisimani wananiambia nisubiri, nimtegemee Mungu. Wanasema hivyo, kisha wanarudi kwa waume zao.

Ijumaa, 9 Mei
Nimekwenda kwa shehe. Amenisikiliza vizuri. Anasema mwanamke aliyepotelewa na mume ana njia katika sheria. Wazee wakikaa, ndoa itavunjwa, nitakaa eda, nitakuwa huru.
Nilimwambia Bi Zainabu uso kwa uso. Alinitazama kama mwizi. "Ukimzika mwanangu naye yu hai, utoke humu ndani."
Hapo nikasema nililolimeza tangu kijijini kwetu Quiterajo. Siku walipoingia wale wenye silaha tulikimbilia pwani. Saide akarudi nyumbani kumtafuta mama yake. Mama yake alikuwa ameshapanda mashua ya jirani. Nikamwambia Bi Zainabu: mwanao alirudi kwa ajili yako.
Aliingia chumbani akafunga mlango. Sikujuta. Naandika hapa, sikujuta.

Jumapili, 11 Mei
Hatusemezani. Anapika chake, napika changu, jiko moja.
Nimeswali kwa hasira. Sijui kama sala ya namna hii inapokelewa. Nilimwambia Mungu: nimekuamini, sijaona kitu.

Alhamisi, 15 Mei

Bi Zainabu amerudi kutoka stendi na mtu. Momade, jirani yetu wa Quiterajo, shamba lake lilipakana na letu. Miaka yote alikuwa amekimbilia Mbau, sasa amekuja Palma kutafuta kazi. Alianza kulia kabla hajasema lolote. Alidhani tunajua. Kumbe walipoondoka wale watu, wanaume wachache walirudi kijijini kuzika. Saide walimkuta uani kwetu. Walimzika hapo hapo. Momade hawezi kumfananisha na mwingine, wamekua pamoja.
Nilingoja Bi Zainabu apige ukelele. Hakupiga. Aliuliza moja tu.
"Mlimwelekeza kibla?"
"Ndiyo, mama. Nilimlaza mimi mwenyewe."
"Mungu akulipe," akasema. Kisha akainuka kumtilia chai.
Mimi nilitoka nje. Nilitaka kulia, machozi hayakuja. Niliomba nifunguliwe. Haya, nimefunguliwa.

Ijumaa, 16 Mei
Kwa shehe tena. Nilikwenda kuuliza nianze eda lini. Akasema taratibu: eda ya mjane huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku habari ilipofika. Yangu ilishapita zamani.
Nilikuwa huru. Katika kambi ya wakimbizi tulikofikia kwanza, chini ya turubai, nilikuwa huru. Siku nilipomjibu dada yake Abudo kwamba mimi ni mke wa mtu, nilikuwa huru. Kila sala niliyolia nifunguliwe, kamba haikuwepo. Mungu alijua. Hakuniambia.
Hata kumkalia eda mume wangu nimekosa.
Namlaumu Mungu. Kisha naogopa, namwomba msamaha. Kisha namlaumu tena. Shehe ananiambia nisiache kuswali. Siachi. Ningekwenda kwa nani mwingine?

Jumatano, 21 Mei
Jana tumemsomea Saide khitma. Majirani walijaa uani, hata wanawake wa kisimani. Hawakunipa nasaha. Walileta kuni na nazi.
Leo nyumba imetulia. Tumekaa barazani, tunachambua mchele. Bi Zainabu akasema bila kuniangalia, "Nilijua. Tangu ile siku nilijua. Ningekubali kafa, ningekuwa nimekubali kwamba nimemuua mimi."
Tuliendelea na mchele.
Baadaye akasema, "Njia ikiwa salama, nipeleke nilione kaburi lake. Kisha nenda zako, mwanangu. Olewa."
Nimemwambia nitampeleka. Sijamsamehe sawasawa. Nimemsogezea mkeka kivulini.
Adhuhuri tuliswali pamoja, bega kwa bega. Tulipomaliza yeye akaanza kuomba, midomo inakwenda, sauti haitoki. Na mimi niliinua mikono. Sikuwa na ombi. Niliiacha vivyo hivyo, mitupu, nikamngoja amalize lake.