Seremala Aliyeacha Kuja

Kwako mke wangu, Mama Pacha,

Salamu nyingi zikufikie wewe, pacha wetu na mama yangu mzazi. Mimi ni mzima wa mwili; mengine utayasoma mwenyewe. Huku ng'ambo jua linachoma mahema tangu asubuhi, na sisi wategua mabomu tunashinda tumepiga magoti vumbini, tukichokonoa ardhi taratibu kama mtu anayetafuta sindano.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kujificha. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Miezi mitatu iliyopita ulianza kumtaja seremala. Mara seremala kapita, mara seremala kasema, mara hebu ngoja kidogo seremala ananiita. Mwanzo nilicheka. Jumapili moja nikasikia kwenye simu nyundo ikigonga ndani ya nyumba yangu, kisha nikakusikia wewe ukicheka, kile kicheko cha kuishiwa pumzi nilichodhani ni changu peke yangu. Nikauliza anatengeneza nini. Ukasema, "Vitu vidogo vidogo tu, utaviona ukirudi."

Mama Pacha, neno hilo lilinichoma kama mwiba. Mke wangu, nyumba yangu, halafu vitu vidogo vidogo! Chakula kilinishinda. Nikaanza kupima kila neno lako: kwa nini umechelewa kupokea, kwa nini kila nikimuulizia mama unasema amelala, kwa nini unajibu kwa haraka hivyo. Huyo mtu sijawahi kumtia machoni, lakini ningeweza kumchora: mikono yake, vumbi la mbao shingoni, kikombe changu mdomoni mwake.

Mpishi wa kikosi alipopata likizo nilimpa mfuko wa nguo za pacha akuletee. Nguo zilikuwa kisingizio. Nilimtuma awe macho yangu. Ulimkaribisha vizuri, ukamwandalia chai, hukujua umemkaribisha mpelelezi.

Aliporudi juzi nilimvuta pembeni kabla hajashusha begi, nikamuuliza kama amemkuta seremala. Akashusha begi kwanza, kisha akasema hakumkuta seremala, amemkuta mama yangu.

Akaniambia mama alipigwa na kiharusi, upande wa kulia umelegea, na wewe ndiye unayemwogesha na kumvisha. Akasema ulimsihi asinieleze, kwamba mtu anayetegua mabomu hatakiwi kuwa na mawazo mawili, lakini yeye imemshinda. Akanieleza kuhusu ubao wa kushikia ambao seremala alikuwa akiupigilia ukutani, kutoka chumbani kwa mama kuelekea msalani, ili mama ajitembeze bila kukuita. Na kile kicheko cha Jumapili? Mama mwenyewe alimsimulia mpishi: alikuwa amepiga hatua tatu za kwanza, akamgombeza seremala amwachie mkono, maana anamkokota kama kabati.

Lakini ubao umefika nusu ya korido tu. Ulimwambia mpishi kwamba seremala aliacha kuja ghafla, simu zako hapokei, na hujui umemkosea nini. Wiki iliyofuata mama alitembea akiushika, ukamwishia mkononi, akaanguka na kuvunjika mkono, ule ule mzima.

Mke wangu, hukumkosea kitu. Ni mimi.

Kabla mpishi hajaondoka, nilimpigia seremala. Namba ulinipa mwenyewe mwaka jana, nimtumie malipo kutoka huku, alipotutengenezea mlango. Nilimwambia mimi ni askari, kazi yangu ni vitu vinavyolipuka, na nikisikia amekanyaga tena kizingiti changu atajuta kuzaliwa. Alitaka kunieleza, sikumpa nafasi. Mpishi nilimtuma ahakikishe tu kama ametii. Na nilipokata ile simu nilisikia raha, Mama Pacha. Nilipiga mluzi siku nzima. Hiyo raha ndiyo inayonitia aibu kuliko yote.

Jana nimempigia tena kumwomba radhi. Hakunitukana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema kazi ataimalizia, ila si kwa kutumwa na mimi. Atakuja akiitwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba anayemjua yeye ni wewe.

Liliniuma, sikufichi. Hata sasa ninapoandika, wivu bado ninao. Haukuondoka kwa sababu tu nimeumbuka. Lakini mama hawezi kushikilia wivu wangu akatembea. Mwite. Mwandalie chai kama ulivyomwandalia mpishi. Na akikuchekesha, cheka.

Wabusu pacha kwa niaba yangu. Mama mwambie sasa najua, na Jumamosi nitampigia. Akitaka kunigombeza, anigombeze mpaka achoke. Wewe ukiniandikia nitashukuru. Ukinyamaza, sitamuuliza mtu yeyote kwa nini.

Ni mimi mumeo,
Baba Pacha