Ngosha Hakumpiga Bilali

Mkuyuni,
Mwanza.
Jumanne, 17 Juni 2025

Mpendwa Baba Mkubwa Abdillah,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Habari za Kigoma, na presha yako je? Mama Mkubwa Mwaija naye, goti limetulia? Huku tunamshukuru Mungu. Kaka Bilali ametoka hospitali. Mkono una plasta mpaka begani na jicho la kushoto bado limeziba, lakini mdomo wake ni mzima kabisa, na ndio unaonifanya nikuandikie.

Jana nilikupigia simu ukaniambia wanaume wanaongea, mimi nikae pembeni, ukakata. Haya. Barua hii nampa jirani yetu Obedi, anayeendesha basi la Kigoma, akuwekee mkononi. Naomba uisome yote kabla hujaongea tena na Bilali.

Chuoni mwaka huu tunafundishwa kuandika ripoti ya utafiti. Mwalimu wetu, Madam Teodora, hana huruma hata chembe. Ukiandika "inasemekana", anazungushia kalamu nyekundu na kuuliza pembeni: nani kasema? Ulikuwepo? Kazi yangu ya kwanza ilirudi nyekundu tupu. Nilimchukia mama wa watu, wallahi. Leo namshukuru.

Utafiti wangu unahusu jinsi wafugaji wa Magu wanavyopata maji ya mifugo wakati wa kiangazi. Bilali alinipeleka kwa pikipiki yake mpaka kwa mfugaji mmoja, Ngosha. Tulipokelewa vizuri sana, tukapewa viti na maziwa ya mgando, na kibali changu akakisoma. Shida ilianza kwenye swali langu la kwanza: una ng'ombe wangapi? Ngosha alicheka, akaangalia pembeni. Sisi wa mjini tunaona ni swali kama swali lingine. Kule mgeni haulizi idadi ya ng'ombe wa mtu, maana anayeuliza hivyo ni mwizi anayepeleleza. Na Bilali, kwa kiherehere chake, akaona anisaidie. Akaenda zizini, akaanza kuwahesabu kwa kidole na kwa sauti.

Bibi Ng'washi, mama yake Ngosha, alikuwa anarudi kutoka kisimani. Akamkuta kijana asiyemjua anahesabu ng'ombe zake, na wiki hiyo hiyo jirani yao alikuwa ameibiwa. Akapiga mwano, lile yowe lao la hatari. Mwano ukilia hakuna anayeuliza, Baba Mkubwa. Kila mwanamume anatoka na alichokishika.

Nakuandikia nilichokiona kwa macho yangu, basi. Walitokea kwenye majaruba ya mpunga na barabarani, wana fimbo na marungu, mmoja ana jembe. Bilali alipigwa rungu la kichwa hata hajageuka. Alipoanguka chali wakamkanyaga. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika, na mpaka leo mtu akivunja kuni jikoni mimi natoka nje. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mtu akanisukuma nikaangukia miiba. Pikipiki ilikuwa inawaka moto, na wengine wanadai liletwe tairi wamvishe Bilali.

Hapo ndipo Ngosha alipojitupa juu yake. Alimlalia mzima mzima, uso kwa uso, ananguruma kwa Kisukuma kwamba huyu ni mgeni wake. Fimbo zote zilizofuata alikula yeye. Jiwe likampata kwenye taya, damu ikamwagika. Lile shati ambalo Bilali anawaonyesha wenzake kijiweni limeloa damu ya Ngosha! Waliacha kupiga walipoona wanamuua mtoto wao wenyewe.

Bilali anakumbuka kitu kimoja tu: uso wa Ngosha juu yake, amekenua meno, anapiga kelele. Ndiyo maana anasema ndiye aliyempiga. Simlaumu, alikuwa hajitambui. Ila sasa kijiwe kizima kinaimba Ngosha, Ngosha, na wewe umewaambia kwenye simu wasimwache. Nani kasema, Baba Mkubwa? Ulikuwepo? Mimi nilikuwepo.

Jumapili nilikwenda hospitali kumwona Ngosha. Taya limefungwa kwa waya, hawezi kusema, anakunywa uji kwa mrija. Kwa hiyo hata kujitetea hawezi. Nilipomwambia Bilali anaendelea vizuri, alinishika mkono akatokwa na machozi. Aliyemvunja Bilali mkono sikumwona, na jina la mtu siliandiki. Polisi nao niliwaeleza hivyo hivyo.

Bilali na wenzake wanaondoka Ijumaa baada ya swala kumfuata Ngosha kwake. Nimeona madumu ya petroli nyuma ya banda la kuku, na mapanga yamenolewa. Nilimweleza Bilali yote haya, akanitupia kikombe. Mama analia tu. Tangu baba afariki, Bilali anakusikiliza wewe peke yako. Wewe uliyewaambia waende, ndiye unayeweza kuwaambia wakae.

Nisalimie Mama Mkubwa, mwambie dawa ya goti nitaituma. Msalimie dada Winnie na mumewe, na watoto wote. Mama anakusalimu sana. Mungu akupe afya na moyo mwepesi wa kusikia, hata maneno yakitoka kwa mtoto.

Kesho Ngosha anaruhusiwa kurudi nyumbani. Ijumaa mimi nitaondoka alfajiri nifike Magu kabla yao, nikae kwenye kigoda mlangoni kwake. Usipowazuia, watanikuta pale. Kama ni lazima mtu aumizwe kwa ajili ya siku ile, waanze na mimi niliyeuliza swali.

Mwanao akupendaye, ingawa leo amekukasirikia,

Bushra