Fomu Aliyoijaza Muuguzi

3 Machi

Mume wangu wa wiki tano,

Hujambo, moyo wangu? Mimi sijambo, ila nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nikikaa kwenye cherehani wateja wananitania: "Bi harusi, unashona au unaota?" Naota, ndiyo, wivu wao!

Usisikitike kwamba tumetengana mapema hivi. Muuguzi wa dharura kama wewe si wa kupanga maboksi stoo. Tangu ajali ile ya basi la shule, ukifika mlango wa wodi unageuka, na matroni amekupa mpaka Juni: urudi wodini au ubaki stoo moja kwa moja. Tiba hii mpya uliyoifuata hospitalini huko ndiyo itakayokurudisha, hata kama madaktari wenyewe bado wanaijaribu. Sijui nimejuaje, lakini najua! Simu wamewazuia, basi niandikie kila kitu.

Mkeo (nalitamka neno hili mara mia kwa siku)

9 Machi

Mke wangu mpenzi,

Mimi mzima, sijui wewe na upweke wako. Tuko ishirini hapa: wauguzi, watunza wazee, maofisa wa ustawi wa jamii. Siku ya kwanza tulijaza fomu: unalalaje, unashtuka, unakwepa nini? Furahi nami, nimefaulu! Nimepata alama nne tu kati ya themanini. Daktari anasema mwenye alama chache hivyo hahitaji tiba, kwa hiyo Ijumaa ijayo nipo nyumbani. Mama mmoja mtunza wazee, jirani yangu wa dawati, kapata tatu. Kaniambia, "Mwanangu, sisi hatuumwi. Kuumwa ni kazi ya wagonjwa." Tumecheka!

Mumeo

12 Machi

Mume wangu,

Ningekuuliza hali, lakini utanijibu uongo. Umefaulu nini? Siku ya tatu ya ndoa yetu jirani aliangusha sufuria, wewe ukawa chini ya meza. Ulicheka, nikacheka, mpaka nilipoiona mikono yako. Kengele ya shule ikilia unafunga madirisha, joto lote lile! Hayo uliyaandika?

Fomu ile kaijaza muuguzi wa zamu, aliyezoea kusema "hakuna tatizo, anayefuata!" Mimi sikuolewa na zamu. Mwombe daktari fomu nyingine, aijaze mume wangu. Ukija Ijumaa na alama zako nne, nitakufungulia mlango, nitakubusu maana siwezi kujizuia, kisha nitakusindikiza kituoni urudi hukohuko.

Nakupenda kupita akili.

Mkeo mkali

6 Mei

Mke wangu mkali,

Shikamoo! Barua zako zote nimezipata, na majibu yangu mafupi umeyavumilia. Leo nakuandikia yote.

Nilipoomba fomu ya pili, daktari alicheka: "Wewe ni wa saba kuiomba." Safari hii nilipata hamsini na moja. Jirani yangu wa dawati naye akaomba yake, akinung'unika.

Tiba yenyewe ni kuisimulia siku ile kwa sauti, wiki baada ya wiki, daktari akiuliza: mvua ilinyesha? Ulimshika nani kwanza? Wengine haijawasaidia, na hilo pia analiandika. Mimi, mara ya sita, nilikumbuka watoto wanne niliowafunga majeraha wakapona. Miezi yote hii nilikuwa namkumbuka yule mmoja tu.

Jana wameniingiza wodi ya dharura ya hapa. Akaletwa mtoto aliyekatwa na kioo. Mikono ikaanza. Zamani ningesingizia kwenda kuchukua pamba, nisirudi. Nikamwambia mwenzangu mbele ya watu wote, "Mikono yangu inatetemeka. Bonyeza jeraha hapa mpaka itulie." Akabonyeza, wala hakunishangaa. Ikatulia. Nikashona nyuzi sita, zimenyooka kuliko zako!

Matroni nimeshamwandikia: Juni nipo wodini. Jumamosi nashuka basi la saa sita mchana. Wageni waambie waje siku nyingine. Nimechoka, mke wangu. Naliandika wazi, maana sijawahi kulisema: nimechoka, na nataka kulala kwangu.

Mumeo