Mama Moïse, Uliyewaazima Wageni Binti Yako

Mwaka mzima umetimia leo, Anésie, tangu tarehe tisa Septemba 2021, ulipotuaga ukiwa kwenye kitanda cha hospitali na sisi tukiwa kwenye simu. Mlango wa wodi ulifungwa kwa kila mtu, hata mume. Makaburini tuliruhusiwa watu kumi. Wewe, ambaye hukuwahi kupika chungu cha watu kumi tu, hata siku ambayo hukutarajia mgeni!

Huku Australia kazi yako ilikuwa kuwatunza wazee kule Auburn. Uliwaosha, ukawalisha, ukawaimbia nyimbo za kanisani za kwenu Bukavu, nao wakaitikia maneno wasiyoyajua. Jumapili ilikuwa ya Mungu na ya mpira, na kwako Mungu alikubali kungoja mpaka jioni.

Mpira wenyewe ulikuwa ule wa Kiaustralia, wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono na miguu, na milingoti minne kila upande bila wavu. Hukuufahamu hata kidogo. Ulichojua ni kwamba mwaka tulipofika Mount Druitt na masanduku yetu mawili, klabu ya mpira huo ya mtaani ilimpokea Chibalonza, kitinda mimba wako, akiwa hana viatu vya mchezo, na wiki iliyofuata mtu akaacha jozi mlangoni petu bila kutaja jina. Ulimtafuta mtu huyo miaka mitatu. Ulipochoka, ukasema basi utaishukuru klabu nzima, ukawa meneja wa timu ya wasichana wa chini ya miaka kumi na tatu.

Ukaandika majina, ukafua fulana, ukakata machungwa ya mapumziko. Mchezo ukiisha ulifungua beseni la maandazi, na wapinzani ndio waliokula kwanza. Binti zetu walinuna weee! "Mgeni hamwangalii mwenyeji akitafuna," ndivyo ulivyowajibu kila wiki.

Na tuseme ukweli ambao wewe uliufunika kwa maandazi: timu yetu ilikuwa haijashinda mchezo hata mmoja kwa misimu miwili. Chibalonza ndiye aliyekuwa mchezaji wetu bora, naye alitaka ushindi mmoja tu. Aliuombea mezani, kabla ya chakula, macho kayafumba.

Ndipo ikaja Jumapili ile ya Juni. Wapinzani walitoka upande wa baharini, mwendo wa saa nzima, wakashuka wasichana tisa tu. Wenzao walikuwa karantini. Kanuni ya ligi ilikuwa wazi: timu yenye wachezaji pungufu ya kumi na wawili imejitoa, na ushindi ni wa wenyeji. Sisi tulikuwa na kumi na saba.

Kocha wetu Wekesa, Mkenya wa Parramatta, alikuwa ameshashika kalamu.

"Mama Moïse, hii ni win ya bure. Wacha tusaini fomu twende home."

"Wekesa, batoto banaamka asubui, banafika mpaka hapa, tubaambie nini? Barudie? Tubaazime bane."

"Wanne gani?"

"Wa kwanza Chibalonza."

Chibalonza hakuamini masikio yake. "Mum, no! We've never won!" Alikutazama akingoja ucheke, useme ni utani. Wewe ulikuwa umeshamshikia fulana ya wageni.

Robo ya kwanza alicheza kwa kususa. Mpira ukimjia aliuacha upite, kisha anaukimbilia polepole kama mtu aliyetumwa dukani. Ukasimama mstarini, ukapaza sauti: "Chibalonza! Cheza ya kweli! Batu habaazimake sufuria ya kutoboka!" Wazazi Waaustralia wote wakageuka. Hawakuelewa neno hata moja, lakini Chibalonza alielewa yote, na alijua kwamba hapo hakuna mjadala.

Basi akacheza. Mama Moïse, hatujawahi kuona kitu kama kile. Aliruka akawapita vichwa wenzake wa siku zote, akaudaka mpira angani, akatua nao, akapiga. Akapiga tena. Mara ya tatu zilikuwa zimebaki dakika mbili, na mpira ukapita katikati ya ile milingoti miwili mirefu ya kati, pointi sita kwa mpigo. Tukashindwa kwa pointi nne, na aliyetushinda ni binti yako. Wewe ulikuwa unapiga vigelegele.

Wekesa alikaa kwenye nyasi, akatikisa kichwa. "Huyu mama si wa dunia hii," akasema. Tulicheka, lakini tangu siku ile tulikutazama kwa macho mengine. Tulikula kwako kila siku, tulilala nyumba moja nawe, na hatukujua kwamba tunaishi na mtu mkubwa kiasi kile. Tuliogopa kidogo, kwa kweli.

Chibalonza hakukusemesha siku nne. Jumamosi iliyofuata jiji likafungwa. Agosti wakatangaza kwamba msimu umefutwa, naye akakujia jikoni akilia. Ulikuwa ushindi wetu pekee, alikwambia, na wewe umeugawa. Ulimfuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Lakini tulicheza, mama yangu," ukamwambia. Hakuridhika. Siku chache baadaye ukaanza kukohoa.

Kwenye simu ya hospitali alikwambia anakupenda, akakuonyesha paka wa jirani. Habari ya mchezo ule hakuigusa. Alibaki nayo, na mwezi baada ya mwezi tuliiona ikimkondesha.

Machi mwaka huu, msimu ukikaribia kufunguliwa, ikaja barua kutoka klabu ya wale wageni. Ndiyo kwanza walikuwa wamesikia kwamba umetutoka. Wasichana wale tisa walikuwa wamekaa, wakakubaliana, wakaiomba ligi mchezo ule uandikwe kuwa ushindi wetu, kama kanuni ilivyotaka, kwa heshima yako. Ligi imekubali. Kilichobaki ni sahihi ya kapteni wetu, na kapteni wetu ni Chibalonza. Hawakuwa na deni lolote kwetu, na hakuna aliyewaomba.

Wekesa aliileta barua mwenyewe. Balthazar akamsogezea binti yake kalamu: "Chukua, mama. Iko yako." Tulidhani atatia sahihi mbio mbio. Akaingia nayo chumbani, akakaa mpaka chai ikapoa, akatoka na karatasi yake mwenyewe. Aliandika kwa Kiingereza, nasi tunakusomea kwa lugha yako:

"Asanteni sana. Lakini siku ile tulishindwa. Nilicheza vizuri kuliko siku zote, na ndiyo mara ya mwisho mama kuniona nikicheza. Naomba msibadilishe kitu."

Tunaokukumbuka ni mume wako Balthazar, mwanao Moïse, binti yako Chibalonza, dada yako Généreuse kule Bukavu, wazee wa Auburn wanaouliza ulipo, kocha Wekesa na wasichana wote wa timu, pamoja na wale tisa wa ng'ambo ya jiji.

Kukusahau hatujui, Anésie, wala hatutajifunza.