Tuta la Nanaa Mbele ya Nyumba ya Madam

Mpendwa Mama Jerioth, nakuandikia nikiwa jikoni hapa Riyadh na moyo umenijaa, nisaidie maana sina wa kumwuliza, wenzangu ninaokutana nao sokoni Batha najua watanicheka au wataniogopa.

Mimi ni mfanyakazi wa nyumbani, natoka Vihiga. Mama yangu alifariki Januari mwaka huu wa 2016 na kafili, mwajiri aliyenidhamini, akasema mkataba haujaisha, siwezi kutoka, kwa hivyo mazishi niliyaona kwenye simu, binamu yangu Duncan akiwa ameishika kule nyumbani, mimi nimejifungia chumba cha kufulia, na jeneza lilipoanza kuteremshwa mtandao ukakatika, uliporudi nikaona tu watu wakinawa mikono. Tangu hapo sijui nilipatwa na nini. Mbele ya nyumba ya madam kuna bustani ndogo, nikaanza kulundika udongo pale kila jioni mpaka ukawa tuta la urefu wa mtu aliyelala, nikalizungushia mawe kama kwetu, ambako mtu huzikwa mbele ya nyumba yake, na madam aliponiuliza ni la nini nikasema la nanaa, basi nikapanda nanaa kweli. Kila nikimwagilia namsalimia mama.

Sasa ni mwisho wa kiangazi, mawaridi yote ya madam yamekauka kwa joto lakini tuta langu ni kijani, na kila alasiri madam hutoka na mkasi kukata nanaa ya chai, ananiambia, "Rispah, mkono wako una baraka," nami natabasamu huku naumia, naona kama anamnyoa mama nywele. Wiki jana dada yake alikuja kutoka Jeddah, akasimama mlangoni akauliza, "Hii ni nini, mmezika mtu hapa?" Madam akacheka. Mimi sikucheka, maana hapa mfanyakazi akishashukiwa uchawi amekwisha, ni jela au kifo.

Mkataba wangu umeisha, Mama Jerioth. Tikiti ya kurudi ipo lakini madam ananiomba nisaini miaka miwili tena. Ndugu yangu Cliff naye kila siku ananipigia, "Rispah, si ukuje tu? Hapo juu ya mum hatujapanda kitu. Alisema maua ni yako, wewe ndio firstborn." Nami nataka kubaki. Nikiondoka nani atamwagilia? Nikienda nitaukuta ule udongo na nitajua ni kweli. Je, nisaini? Na madam nimwambie ukweli?

Rispah, Riyadh

Rispah mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimelia, sikufichi. Kumzika mzazi kupitia simu ni ukatili, na kosa halikuwa lako. Ulinyimwa ruhusa. Hilo liondoe moyoni kabisa.

Lakini sasa acha nikugombeze. Unauliza nani atamwagilia. Amwagilie nani, Rispah? Mama yako hakuwahi hata kupanda ndege. Yuko Vihiga, mbele ya nyumba yake, na juu yake hapana hata ua moja, kwa sababu aliomba mkono wako na wadogo zako wakamheshimu. Wametii, wanangoja. Wewe uko huko unamkuzia madam majani ya chai! Ungeniambia unabaki kwa ajili ya karo ya watoto, ningekusikiliza. Unabaki kwa woga, na woga huo hautaisha kwa miaka miwili wala kumi.

Madam usimwambie kitu. Ulisema ni tuta la nanaa na ni nanaa inayoota pale; msiba wako hauna haja ya kuelezwa kwa mtu anayeweza kuuelewa vibaya. Dada yake ameshatamka neno, usingoje alirudie. Kesho asubuhi kabla jua halijawaka ondoa yale mawe, usawazishe udongo kwa mikono yako mwenyewe, nanaa umwachie mwenye nyumba. Ukishikwa na uchungu katikati ya kazi, lia, lakini usiache.

Halafu umwambie kwa adabu, "Halas, madam, yameisha, naenda nyumbani." Usisaini karatasi yoyote, hata ya mwezi mmoja. Omba pasipoti yako na viza ya kutoka, na wakikuzungusha piga simu ubalozini siku hiyohiyo.

Ukifika kwenu usiingie kimyakimya na masanduku kama mgeni. Mizigo mwachie Cliff barabarani, wewe uingie langoni ukilia kwa sauti, kama wanavyoingia kwenu wote waliochelewa matanga. Majirani watatoka, watakushika, watalia nawe upya kama siku ya kwanza. Hakuna hata mmoja atakayekuuliza unamlilia nani.