Nabadilisha samaki kwa siri ili mume wangu asijue wanakufa

Shikamoo Mama Efrazia. Naitwa Mashavu, ni fundi cherehani hapa Masuguru, Korogwe, na jambo ninalokuandikia ukilipitia harakaharaka utaona ni la samaki tu, lakini nakusihi unisome mpaka mwisho kwa sababu limeninyima raha na sasa limefika kwenye afya ya mume wangu.

Mume wangu anaitwa Sadala, mtaani wanamwita Baba Maryamu, na kwa miaka ishirini na mbili alikuwa fundi wa mitambo katika shamba moja la mkonge, yaani korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ikigoma anaitwa yeye, hakuna pampu wala mota iliyomshinda. Mwaka juzi, katikati ya Ramadhani, akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalala na maneno yakakatika kabisa, mtu aliyekuwa anachekesha kijiwe kizima akawa ananitazama tu machozi yanamtoka. Miezi minane hakusema neno. Ndipo binti yetu Maryamu, anayefanya kazi Tanga, akaja na tangi la kioo lenye samaki saba wa dhahabu na chujio la umeme linaloning'inia ubavuni, akasema baba apate cha kutazama, tukaliweka sebuleni mbele ya kiti chake. Mama, haikupita wiki mbili, asubuhi moja niko jikoni nachemsha chai nikasikia mtu anasema, "Moja." Nikadhani ni redio ya jirani. "Mbili. Tatu." Nikatoka mbio na mwiko mkononi, nikamkuta amenyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye kioo, anahesabu samaki. Akafika saba. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia kama mtoto.

Toka siku hiyo kila asubuhi tunaanza na hesabu, na maneno mengine yakaja nyuma yake, chai, mlango, jua, hata jina langu, na daktari wa mazoezi akasema hao samaki wasiguswe, ndio dawa. Mwezi wa tatu tangu tangi lije, maji yakaanza kubadilika, yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, na harufu juu, na chujio ambalo mwanzo lilikuwa linamwaga maji vizuri likawa linatoa kamchirizi tu kama bomba la mgao, samaki wanapanda juu wanahema. Nikasema uchafu huo nitauweza, mimi si mvivu. Kila Ijumaa nikawa natoa sponji la chujio nalifua kwa sabuni ya unga na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nalianika juani mpaka linakauka, tangi lenyewe namwaga maji yote nalisugua halafu najaza maji ya bomba moja kwa moja. Siku ile linameta, baada ya siku mbili tatu maji yanarudi kuwa meupe na samaki mmoja anaelea.

Hapo ndipo nilipokosea, Mama. Wa kwanza alipokufa niliogopa hesabu ikiishia sita mume wangu atavunjika moyo, nikapiga simu kwa muuza samaki wa Tanga, akaniletea mwingine kwa basi ndani ya mfuko wa nailoni uliojaa hewa, nikamtumbukiza alfajiri kabla Baba Maryamu hajaamka. Akafa mwingine, nikabadilisha. Nikaanza kuagiza wawili wawili wa akiba, wakafika hata kumi tangini, nikamwambia wamezaa. Mume wangu nimemkataza kabisa kugusa hilo chujio, kwa sababu kuna umeme na mkono wake mmoja haufanyi kazi, asije akaumia. Siku moja akanionyesha samaki mpya akasema, "Mgeni." Nikamsahihisha, nikamwambia si mgeni, sema samaki. Akanitazama sana. Nafikiri ubongo bado unachanganya maneno.

Sasa yule muuzaji hana tena samaki wa aina ile, waliobaki ni watatu, na Baba Maryamu ana wiki mbili hahesabu, anakaa anatazama tu, na maneno yameanza kupungua. Wifi yangu Hafsa anasema niliuze tangi nimwambie limepasuka, yaishe. Mimi najiona nimemdanganya mgonjwa na nimemrudisha kwenye ukimya. Nifanye nini? Jina langu unaweza kuliandika, mume wangu hasomi gazeti tangu augue.

Mashavu, Masuguru, Korogwe

*

Marahaba, Mashavu mwanangu. Barua yako ina zaidi ya mwezi mezani kwangu, na niliizuia makusudi. Mumeo hasomi gazeti, majirani zako wanasoma. Sikutaka siri ya sebule yake aje aambiwe na mtu aliyefuata sukari dukani. Ndiyo maana nilikupigia simu kwanza, na sasa naichapa kwa ruhusa yenu wote wawili, maana najua wako wengi wanaoua wanachokipenda kwa usafi.

Nianze na pole. Mwanamke aliyekaa miezi minane akisubiri neno moja, halafu akalipata, lazima alilinde kwa meno. Sikulaumu kwa kuogopa. Nakulaumu kwa mengine.

Mimi samaki nawajua wakiwa kwenye sufuria, kwa hiyo nilimtafuta Raymond, mwalimu mstaafu wa Chanika, Handeni, ambaye amefuga samaki wa mapambo miaka tisa. Nilimsomea barua yako mpaka pale pa kufua sponji kwa sabuni. Akashika kichwa.

"Huyo mama anawatesa kwa usafi," akasema. "Kwenye lile sponji wanaishi vijidudu wazuri, wadogo hatuwaoni. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vinageuka sumu ndani ya maji, na vijidudu hao ndio wanaoila ile sumu. Kila Ijumaa yeye anawafua na sabuni na kuwaanika. Chujio linabaki sponji tupu."

Nikamuuliza mbona wa kwake hawafi. Akacheka. "Sisi Handeni maji tunanunua kwa ndoo. Nani atamwaga tangi zima kila wiki? Namwaga robo tu, na sponji nalikamua mara mbili kwenye ndoo ya yale yale maji ya tangi. Ukata wetu umewaokoa samaki wangu."

Halafu akaniambia mengine. Maji ya bomba yana dawa inayoua vijidudu wa tumboni kwetu, na inaua wa kwenye chujio vile vile, kwa hiyo yakae kwenye ndoo wazi siku nzima ndipo yaingie tangini. Samaki kumi mahali pa saba ni kinyesi zaidi na sumu zaidi. Unaona, Mashavu? Kila samaki uliyemtumbukiza kuficha kifo cha mwenzake alikuwa anaharakisha kifo kingine. Na ule mchirizi mwembamba, alisema, ni mota. Ndani kuna kifeni kidogo, kikikwama maji hayapandi, na sponji ulisugue mpaka lichanike, hayatapanda.

Nikamuuliza nani anaweza kukifungua. Naye akaniuliza, "Huyo mume si umesema alikuwa fundi pampu?"

Nikaichukua barua yako nikaisoma upya. Maana mimi pia, mtu mzima, mwandishi wa ushauri, nilikuwa nimeshamsahau. Wewe una mtu aliyefufua mitambo ya korona kwa miaka ishirini na mbili, amekaa hatua mbili kutoka kwenye pampu mbovu, na umemkataza kuigusa, halafu unaniandikia mimi! Kiharusi kimechukua mkono mmoja na baadhi ya maneno. Ufundi hakikuuchukua. Huo umeuchukua wewe.

Na lile neno, mwanangu. Alipokuonyesha samaki mpya akasema "mgeni", ubongo wake haukuchanganya kitu. Alikwambia kweli. Anawahesabu kila asubuhi, anajua sura zao kuliko wewe, na alipata neno lenyewe hasa, wewe ukamsahihisha. Mtu aliyelipata neno lake kwa jasho kiasi kile, akaambiwa si hilo, kwa nini aendelee kutafuta mengine? Kimya chake cha wiki mbili si cha samaki, ni chako.

Haya ndiyo niliyokwambia kwa simu, na ulilia, nikakuacha ulie. Kisha nikakwambia keti mbele yake, mwambie lote, usimpe maneno ya mgonjwa. Siku ya nne ukanitumia ujumbe, na kwa ruhusa yako nauweka hapa:

"Mama nimemwambia. Nilianza na wa kwanza mpaka wa mwisho. Akanisikiliza hadi nikamaliza, akasema, Najua. Akanyoosha vidole vyote vitano, akavikunja, akavinyoosha vyote tena, kumi, ndio idadi yenyewe ya waliokufa, Mama, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapoteza hesabu. Nikamwomba msamaha. Akasema, Lete bisibisi. Mama, maneno mawili kwa mpigo! Nikachomoa waya ukutani, nikamshikia chujio, yeye akafungua kwa mkono wa kushoto, jasho linamtoka, nikitaka kumsaidia ananisukuma kiwiko. Akatoa kale kafeni, kulikuwa na konokono mdogo amekwama hapo na uteute umezunguka. Akakasafisha, akarudisha, akaniambia, Jaza. Tukajaza maji kwenye chujio kwanza ndipo tukawasha. Yanamwagika mpaka yanapiga kelele. Hafsa yupo hapa, hataji tena kuuza tangi."

Sasa nisikilize vizuri, maana furaha ya siku moja haisafishi maji. Sponji litachukua kama wiki sita kupata vijidudu wake, na katikati hapo maji yatakuwa meupe tena. Usishtuke ukakimbilia sabuni. Sabuni ya unga iishie kwenye nguo. Badilisha robo ya maji, wiki hizi za mwanzo mara mbili kwa wiki, kwa maji yaliyolala kwenye ndoo. Chakula ni kile kinachoisha kwa dakika mbili, na kama mkono wake unatetemeka unamwaga mwingi, mpimie kwenye kijiko cha chai, amwage mwenyewe. Kabla ya mtu yeyote kutia mkono, waya utoke ukutani, na hilo ni jukumu lako. Samaki mpya, hakuna, hata yule wa Tanga akupigie mwenyewe. Maji yakitulia, mtaamua wawili pamoja kama mnaongeza. Chujio ni la Sadala kuanzia leo. Likigoma umwite, usilifungue.

Na kama samaki mwingine atakufa, na huenda akafa, usimtoe peke yako. Mwite mumeo amwone. Ameshafiwa na mkono, akavumilia. Ataweza kufiwa na samaki. Asichoweza ni kuishi ndani ya nyumba ambayo kila mtu anamficha mambo.

La mwisho. Akiwa anatafuta neno, funga mdomo wako, Mashavu. Hata likichukua muda wa chai kupoa. Na likitoka si lile ulilolitarajia, muulize kwanza ana maana gani.